Nishikie Koti, Elius

Nyumba yangu ilianza kufa Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, na mimi sikuwepo. Nilikuwa kambini huko milima ya Ludewa, napasua mbao. Huku kwetu Kifanya, mama yangu Vestina katoka ibadani, kaingia chumbani kwetu bila hodi, kafungua sanduku la mke wangu. Katoka na kichupa.

"Hyasinta! Hivi vidonge ni vya nini?"

"Dawa ya shingo, mama. Nameza kimoja kila asubuhi."

"Shingo inauma?"

"Haiumi. Kuna tezi humu ndani, ilikuwa imelala. Ndiyo ilizuia mtoto."

Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Shingo! Mwanangu, mimi nimezaa saba. Hakuna hata mmoja aliyepitia shingoni."

"Mama, dokta wa Makambako alisema..."

"Mwanamke anayemeza kidonge kila siku anazuia mimba. Au ana ule ugonjwa. Chagua kimoja."

Ngoja nirudi nyuma kidogo mnielewe.

Hyasinta nilimtoa kwao Ludewa, tukakaa miaka mitano bila mtoto. Alikuwa anasikia baridi kuliko watu wote. Wenzake wanavuna viazi juani, masweta wameyafunga kiunoni, yeye kajifungia koti langu mpaka kidevuni. Uso ukamvimba. Sauti ikawa nzito, akaacha kwaya. Damu ya mwezi ilikuja ilivyotaka yenyewe. Majirani wakambatiza jina la Mama Nani.

Zahanati tulienda mpaka njia ikatuzoea. Mganga mfawidhi, huyu Alois, jibu lake lilikuwa moja.

"Baridi? Njombe hii nani hasikii baridi?"

Wauguzi wanacheka. Tunapewa panadol, tunarudi.

Aliyetuona ni dokta mmoja wa kike huko Makambako. Alimtazama Hyasinta kabla hata hajakaa.

"Mama, mimi natokwa jasho, wewe una koti. Tangu lini?"

Akampima damu, akatueleza taratibu. Kwamba mwilini kuna homoni, ni kama wajumbe. Wanatumwa kuamsha moyo, tumbo, kizazi. Ile tezi ya shingoni ikilala, wajumbe hawaendi, mwili mzima unapoa, hata yai halipevuki kwa wakati wake.

"Utameza kila siku, maisha yako yote," alisema. "Na ukishika mimba njoo haraka tuongeze dawa. Usiache. Umenisikia? Usiache."

Miezi ikapita. Siku moja tuko sokoni Makambako, upepo wa kawaida tu, nasikia nyuma yangu:

"Elius, nishikie koti."

"Unaumwa?"

"Naona joto, bwana!"

Nikalishika. Nikaitazama mikono yake kama ndiyo kwanza napeleka posa.

"Unaangalia nini wewe?"

"Mke wa mtu."

"Basi kimbia, mwenyewe anakuja."

Tulicheka pale kama wendawazimu. Baada ya Pasaka, Aprili ikiishia, nikapanda kambini kutafuta riziki, nikamwacha anaimba kwaya.

Sasa turudi kwenye kile kichupa. Jumatatu yake mama alikipeleka zahanati. Haya alinisimulia mwenyewe.

"Kamwene, dokta. Hivi ni vya shingo, au ni vidonge vya majira, vya kuzuia mimba?"

Alois hakukigusa. Macho yalikuwa kwenye simu.

"Hiyo ni siri ya mgonjwa, mama. Siruhusiwi kusema."

"Ni vya mkwe wangu. Anameza kila siku, na mtoto hana."

Hapo ndipo Alois alipoinua uso. Akacheka.

"Wewe si mtu mzima, mama?"

Mama akarudi nyumbani na jibu lake, akavimwaga vyote kwenye moto wa jikoni, Hyasinta akiwa amepiga magoti.

Mimi nilipata ujumbe tu: "Mume wangu dawa zimeisha. Usijali nitaenda kuchukua." Jina la mama hakulitaja. Alinijua, ningeshuka na shoka.

Nguvu za kusafiri zikawa zinampungua. Akaenda hapo hapo zahanati kuomba. Wakampima, wakakuta ana mimba.

"Sasa dawa ya shingo ya nini tena?" Alois akamwambia. "Mjamzito hamezi dawa ovyo."

"Dokta wa Makambako alisema nikishika mimba tuongeze."

"Basi nenda huko Makambako wakuzalishe. Anayefuata!"

Mama alipiga vigelegele nyumba hadi nyumba. "Nimevichoma, mimba imeingia! Si niliwaambia?" Na Hyasinta akitaja Makambako, anajibiwa kwamba safari itaitikisa mimba.

Alinipigia.

"Elius, nina mimba."

Nilipiga kelele, misumeno ikazimwa.

"Na dawa?"

"Dokta wa hapa anasema niache."

Mimi ni wa la saba. Dokta akisema, nibishe kwa kitu gani?

Julai simu yake ilikuja nzito, neno moja moja.

"Hyasi, umelewa?"

"Baridi... Elius. Baridi."

Nilishuka siku hiyo hiyo. Nilimkuta ndani ya koti, juu yake mablanketi matatu, mwili umevimba, na ukimgusa ni baridi kama jiwe la mtoni.

"Ni mimba inamlevya," mama akasema. "Mwache alale."

Nilikodi gari, mama naye akapanda, tukapita Njombe mjini bila kusimama mpaka Makambako, kwa dokta wake. Muuguzi akataka kumtoa koti ili atafute mshipa.

"Usinivue koti," akasema. Hakusema tena kitu kingine.

Dokta alituita pembeni.

"Dawa aliacha lini?"

"Mei," mama akajibu. "Nilizichoma mimi. Ndiyo maana akashika mimba."

"Mama, nimempima tumbo. Mimba hii ni ya Aprili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wakati unachoma, mtoto alishaingia. Vile vidonge ndivyo vilivyomleta."

 Jioni haikumkuta mke wangu. Yeye na mtoto, jeneza moja.

Baada ya mazishi wakubwa wa afya walikuja na gari, wakaketi zahanati kutusikiliza.

"Nilitunza siri ya mgonjwa," Alois akasema, shati limepigwa pasi. "Ndiyo maadili ya kazi yetu."

Wakubwa wakatikisa vichwa, wamekubali.

Mama akasimama. "Angesema ni vya shingo, ningevilinda kama macho yangu. Angenyamaza tu, ningerudi na wasiwasi wangu. Hakunyamaza huyu. Alicheka."

Mimi nikasimama, koti mkononi, nikauliza swali moja. Mkubwa akatazama saa, akasema watalifanyia kazi. Gari likaondoka. Alois bado anakaa kiti kile kile. Mama bado ananipikia, nakula, hatuongei. Nikipita zahanati namuuliza Alois tena, anainamia simu. Basi nawauliza na ninyi mnaosoma, labda yupo aliyesoma kunizidi: kama jina la dawa lilikuwa siri ya mgonjwa, kile kicheko nacho kilikuwa siri ya nani?