Hodi Pangoni

Jumapili ile jua lilikuwa zuri, na shemeji yangu alikuwa anajipendekeza. Yeye na dada walikuwa wamenuniana kwa jambo lisilo na kichwa wala miguu, ndipo akaja na wazo la kupanda boti ya watalii tukatazame mapango ya baharini. Mimi walinibeba ili kila mmoja awe na mtu wa kuongea naye. Shemeji ni mtu wa masihara, hata msibani hajui kunyamaza. Wakati huo nilikuwa simpendi hata kidogo.

Nahodha alikuwa mtu mwenye sura ya kuamshwa vibaya. Alitufunga majaketi ya kuokolea kwa kuvuta kamba kama anafunga mizigo. Kwenye mdomo wa pango kubwa akazima injini.

"Humu pigeni kelele, imbeni, sijali. Ila asibishe mtu hodi."

"Kwani kuna mwenyewe?" shemeji akauliza.

"Nimesema asibishe mtu hodi."

Tukaingia kwa kasia. Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya mwani uliooza. Dada alikuwa ameinama, anatafuta kitambaa kwenye mkoba. Shemeji akanikonyeza, akapaza sauti, "Hodi wenyewe."

Mwangwi ukazunguka, ukafa. Nilicheka kidogo. Kisha, gizani, karibu kabisa na ubavu wa boti, sauti nyingine ikasema polepole, "Hodi."

Dada hakuinua kichwa. "Karibu," akajibu, kama anavyojibu kila siku akiwa jikoni.

Boti ikainama upande wa nyuma. Maji yakatumwagikia miguuni. Hatukuona mtu akipanda. Nahodha akawasha injini, na tulipofika gatini akamzuia dada kwa kasia.

"Wewe utashuka wa mwisho," akamwambia kwa chuki. "Mgeni wako usiniachie hapa."

Dada na shemeji wanakaa ghorofani, mbali na bahari. Kesho yake godoro lilikuwa limelowa upande wa shemeji. Wakalianika, likalowa tena. Kiti chake sebuleni kikalowa. Mashati yake yakaota ukungu kabatini, na nguo za dada zilizokuwa pembeni yake zilikuwa kavu, zimekunjwa vizuri. Masihara yakamwisha shemeji. Alikuwa akikohoa maji ya chumvi kwenye sinki.

"Anataka nitoke," aliniambia. "Anamtaka mke wangu."

Dada naye alininong'oneza, "Hana fujo. Anakaa tu. Mkiingia nyinyi ndio anakasirika."

Siku moja shemeji akarudi kutoka kazini akakuta komeo limefungwa kwa ndani. Dada alikuwa analia nyuma ya mlango, anasema analivuta halitoki. Akanipigia simu nikaja, tukaita fundi. Bisibisi yake ikaota kutu akiwa ameishika. Akakusanya vifaa vyake, akashuka ngazi bila kuaga.

Tukakimbilia gatini. Nahodha alikuwa anaosha boti, hata salamu hakuitikia.

"Huyo hafukuzwi," akasema. "Ataaga mwenyewe. Akiaga, mkeo asinyanyuke. Asimsindikize hata hatua moja."

"Akimsindikiza?"

"Mgeni unamsindikiza wapi? Si njia ya kwake?"

Shemeji akapiga simu palepale. Dada akapokea haraka. Kwa mara ya kwanza tangu safari ile, sauti yake ilikuwa nyepesi.

"Mume wangu, ameaga," akanong'ona. "Anaondoka. Mlango ameshafungua. Ngoja nimtoe kidogo, nakuja."

"Usitoke," shemeji akasema. "Nakuomba. Usitoke."

Simu ilikuwa imeshawekwa mezani. Tulisikia ndala zikiburuzika. Tulisikia mlango. Kisha tukamsikia dada yangu, na adabu zake zote, akisema, "Karibu tena."

Tulikuta mlango wazi na nyumba kavu. Ngazi zilikuwa zimelowa. Alama za ndala zilishuka mpaka chini, kisha nyayo tupu, za dada peke yake, zikavuka barabara kwenye jua kali. Ng'ambo hazikuwepo. Polisi walitafuta wakachoka. Shemeji bado anakaa pale, usiku na mchana hafungi mlango. Nilikuwa namchukia, sasa hata nguvu za kumchukia sina. Namtaka dada yangu tu.

Ndala zake tulizikuta kwenye ngazi ya mwisho, zimepangwa vizuri pamoja. Chaza walikuwa wameota juu yake, wakubwa, wamekaza, hata pa kupitisha kidole hapakuwepo. Nilimpelekea muuza samaki mmoja, akazigeuzageuza, akasema chaza wa ukubwa ule wanachukua miaka.

Ndala hizo nilimnunulia mimi, wiki ileile.