Sindano ya Saa Nane

Damu ilikuwa juu ya meza kabla Émérance hajajua kuwa ni yake. Alikuwa amevunja shingo ya kichupa cha kinini kwa ajili ya mchimbaji mwenye homa, na sasa aliona matone matatu karibu na mkasi. Akamtazama mchimbaji. Hakuwa na jeraha. Akatazama mkono wake: kipande cha kioo kilikuwa kimesimama kwenye ncha ya kidole chake cha shahada, mkono wa kulia. Akakivuta, akafunga kidole kwa pamba, akampa mchimbaji dawa yake na kumweleza namna ya kuitumia. Hakusikia kioo kikitoka. Hakusikia pamba.

Farmasi alimofanya kazi iko Salamabila, kwenye barabara inayoshuka machimboni. Hufunguliwa usiku kwa sababu mashimo ya dhahabu hayalali. Watu hutoka chini saa saba, saa tisa, na homa, na kuhara, na vidole vilivyopondwa. Mwenye duka, Papa Marcellin, alimpa mtu wa zamu ya usiku masharti mawili tu: mlango ufungwe kwa komeo na mteja ahudumiwe kwenye kidirisha chenye vyuma; na mteja yeyote asirudishwe mikono mitupu ikiwa anachotaka kipo.

Émérance aliiomba zamu hiyo mwenyewe. Mume wake, Christophe, alikufa mwezi wa kwanza shimo lilipoanguka. Walichimba siku nne. Siku ya tano wakaacha. Kwenye matanga watu walingoja alie, hakulia. Alimwambia mdogo wake Louise kwamba ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unajua uko, lakini si wako. Kwa kuwa hakuwa analala, aliona afadhali akeshe kazini. Louise alibaki nyumbani na mtoto, Sarah-Grâce, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu.

Siku mbili kabla ya kile kichupa, Jumapili, saa nane usiku, mtu alikuja kidirishani. Hakubisha. Alikwaruza ubao kwa ukucha. Alisimama pale mwanga wa taa ulipoishia, amejifunika kitenge toka kichwani, na sauti yake ilikuwa ya mwanamke anayeshika uzi kwa meno.

"Mama, iko sindano?"

"Iko. Na serengi ya ngapi?"

"Serengi hapana. Sindano tu. Niko na mwiba mu muguu."

Sindano bila serengi, bila bomba la kutilia dawa, haina kazi kwenye farmasi. Émérance alichukua moja na kuipitisha kati ya vyuma bila kuomba kitu. Pembe ya kitenge ikagusa kidole chake cha shahada. Ilibaki harufu ya uzi unaoungua, kama pale fundi anapokata ncha kwa kibiriti, na baada ya dakika chache harufu ikaisha.

Jumatano mteja alirudi, saa ileile. Sindano moja, serengi hapana. Safari hii mkono ulitoka nje ya kitenge. Ulikuwa na kidole kimoja tu kilichokamilika, cha shahada, na ubavuni mwa kidole hicho palikuwa na kovu dogo lililopinda. Émérance alilijua kovu hilo. Alilipata akiwa na miaka tisa, akimenya mihogo. Akatazama kidole chake, kovu liko. Akatazama kidole cha nje, kovu liko. Alikuwa amekwisha kunyoosha sindano, na vidole vyake vitano vikaguswa.

Mteja alipoondoka, sauti ilianza nyuma ya ukuta, upande wa rafu za dawa za watoto: uzi ukivutwa ndani ya kitu kinene, taratibu, kisha kimya, kisha uzi tena. Iliendelea mpaka jogoo wa kwanza. Asubuhi Émérance aliosha kikombe kwa maji yaliyotoka kuchemka, na mkono wake wa kulia haukumwambia kitu.

Roger, mzee aliyelinda baraza la duka usiku, alikuwa anakunja mkeka wake. Émérance alimuuliza kama anamfahamu yule mama wa kitenge.

"Mama gani?" Roger alisema. "Usiku huu hakukuja mama. Niliona mukono yako inatoka mu vyuma, inapana kitu. Nikasema labda iko anazoeza mukono."

Alimweleza habari ya sindano. Roger aliacha mkeka.

"Mama Sarah, weye ulisoma sana, mpaka uliruka darasa ya kwanza. Usiku watu hawauzishaka kile kitu. Hata jina yake hawaitaji. Kama mutu iko na lazima, unakiweka chini, anaokota yeye mwenyewe. Weye ulimupa mu mukono."

Émérance alimjibu kwamba farmasi ya usiku haiwezi kumwambia mgonjwa wa malaria angoje jua.

"Wa malaria anaombaka na serengi," Roger alisema.

Alisema kweli, na Émérance aliliona hilo. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia. Asubuhi ile alipita karibu na shimo la Christophe, njia aliyokuwa akiikwepa tangu mwezi wa kwanza, na hakusikia chochote. Hakuharakisha. Alitazama mawe yaliyofunika mdomo wa shimo kama anavyotazama mawe mengine. Ganzi ilikuwa imepanda kutoka mkononi mpaka kifuani, na haikuwa inauma, na yeye alikuwa amechoka na vitu vinavyouma.

Kwa hiyo mara ya tatu aliitoa sindano kwenye boksi akijua.

Ilikuwa Jumamosi. Louise alikuwa amekwenda Lusangi kuvuna mihogo, na Émérance alikuja kazini na Sarah-Grâce mgongoni. Mtoto alikuwa katika umri wa kugawa vitu. Alimpa kila mtu kila kitu: kiatu, kijiko, kipande cha muhogo kilichotafunwa, na alisema neno moja, "Kamata," na kusubiri mpaka mtu akamate. Roger alipewa kizibo cha chupa mara sita. Saa nane mtoto alikuwa bado macho, amekaa juu ya meza karibu na kidirisha, na ukucha ukakwaruza ubao.

Émérance alichukua sindano, akaiweka mezani ikiwa bado ndani ya kifuniko chake cha plastiki, na mkono wake ukasita. Wakati huo betri ya sola ilianza kulia nyuma ya rafu. Aligeuka kuizima. Nyuma yake akasikia, "Kamata."

Aliporudi, sindano haikuwepo. Kiganja cha mtoto kilikuwa wazi, na kitenge kilikuwa kinarudi gizani. Alimbeba Sarah-Grâce, akamkagua vidole kimoja kimoja. Hakikuwa na damu hata kimoja. Akajiambia kwamba sindano aliitoa kwenye boksi yeye, hivyo aliyeitoa ni yeye. Akangoja ganzi mpya. Haikuja.

Louise alirudi Jumatatu, akamchukua mtoto, na papo hapo akamtazama dada yake.

"Yaya, mutoto anaungua. Haukumugusa?"

Alimgusa. Asubuhi yote kiganja chake cha kulia kilikuwa kwenye paji la mtoto, kwa mazoea, kama anavyogusa mapaji ya watoto wa watu kidirishani. Kipimo cha joto kilionyesha thelathini na tisa na nukta nane. Sarah-Grâce hakuwa amelia hata mara moja. Alikuwa anacheza na kamba ya kipimo.

Walimpa dawa na homa ikashuka usiku. Émérance alikaa kando ya kitanda akitazama mkono wake. Mkono huo sasa haukuweza kutofautisha mtoto na meza. Siku nyingine homa ingekuja Louise hayupo, na yeye, mwenye kazi ya dawa, angempakata mtoto mpaka apoe, na asingejua alipoa saa ngapi.

Asubuhi alikwenda sokoni kwa Maalim Musafiri. Yeye ni fundi cherehani, mtu wa miaka arobaini hivi, na watu wenye majini humfuata hapohapo kwenye mashine yake. Alimsikiliza Émérance huku akipiga upindo wa sare ya shule. Hakuchoma ubani. Alisema ubani na kisomo ni vya jini lililoingia kwa nguvu, hili lilipewa.

"Inajishonea nguo," alisema. "Nguo ni weye. Ngapi ulitoa?"

"Tatu."

"Zote kwa mukono yako?"

"Zote."

Musafiri alisimamisha mashine. Alimwambia mwenye kutoa ndiye anayeomba. Mume hawezi kumwombea mke, mama hawezi kumwombea mtoto. Aseme "nipe," mara moja kwa kila sindano, kisha anyamaze. Itarudishwa ncha mbele, kiganjani.

"Usivute mukono. Kitaumiza. Kama hautaki kiumize, rudia nyumbani, baki vile uko. Na zirudi zote, dada. Ikibaki na moja, itaendelea kushona."

Usiku huo Émérance alimtuma Roger akalale kwao. Saa nane ukucha ukakwaruza, na mkono ulioingia kati ya vyuma ulikuwa mkono wake wa kulia, mzima, na kovu lake, na mstari wa mshono mweusi ukizunguka kifundo.

"Mama, iko sindano?"

"Nipe," Émérance alisema.

 Kisha vidole vikakunjuka. Akanyoosha kiganja chake, ncha ikagusa ngozi, ikapita, na mwanzoni aliiona tu kwa macho kama mtu anavyoona sindano ikiingia kwenye nguo, halafu maumivu yakafika, ya sindano kwanza, kisha ya kioo cha wiki iliyopita na ya maji yaliyochemka, yakapanda kwenye kiwiko na bega, na hakuvuta mkono, na yalipofika kifuani yalimkuta Christophe pale alipokuwa amemweka, chini ya mawe, na kofia yake ya taa, na ule mchana wa siku ya tano ambapo wanaume walikaa chini wakafuta sululu zao bila kumtazama, na sauti ikamtoka ambayo hakuijua, ya miezi saba, na kupitia sauti hiyo alisema tena, "Nipe," na ya pili ikaingia karibu na ya kwanza, na mkono wa nje ukaanza kulegea kwenye mshono, kidole baada ya kidole, mpaka ukaning'inia kama glavu tupu.

"Nipe," alisema mara ya tatu.

Kitenge hakikusogea.

"Ile haukunipa weye," sauti ilisema, na uzi kati ya meno yake ukakatika.

Ikaondoka. Hakukuwa na sauti ya mshono nyuma ya ukuta usiku huo. Émérance alifungua komeo akakimbia, kiganja kikivuja, akilia njia nzima. Louise alikuwa mlangoni na mtoto mkononi.  Alisema alikuwa amewasha mbabula, jiko la makaa, apashe maji, akageuka kidogo tu, na Sarah-Grâce akaja kwake na kitu kiganjani, akampa.

Lilikuwa kaa la moto. Mtoto alikuwa anatabasamu, anangoja alikamate.

Maalim Musafiri alipokea simu ya kwanza, akasema hana la kuongeza. Simu ya pili hakupokea. Roger aliacha kazi, akapanda pikipiki kwenda kwa wanawe Kabambare. Papa Marcellin alimpa Émérance ruhusa ya kuhamia zamu ya mchana, kwa sababu ya kifo cha mume, alisema, maana sasa watu walikuwa wanamsikia akilia na waliona ni jambo jema. Émérance alikataa ruhusa hiyo.

Wiki ya nne sasa anakuja kila usiku na Sarah-Grâce mgongoni. Anafunga komeo. Anamkalisha mtoto juu ya meza, karibu na kidirisha. Vidole vya mtoto vimefungwa bendeji, na ndani ya bendeji vinapona vizuri. Masanduku yote ya sindano ameyapandisha rafu ya juu. Kati ya mteja na mteja anamfundisha. Ananyoosha kiganja chake mwenyewe, anasema, "Nipe. Sema, nipe." Mtoto anamtazama mdomo. Anajua maneno mapya matatu tangu mwezi uliopita: maji, tata, yaani baba, na lala. Hilo hajalisema.

Usiku wa jana alikaribia. Alisema, "Ni." Émérance alimkumbatia mpaka mteja akalazimika kubisha mara mbili.

Mteja huyo alikuwa mchimbaji mwenye malaria. Alitaka kinini na serengi. Émérance alishusha boksi la sindano, akatoa moja, akamhudumia, akaandika saa kwenye daftari: saba na dakika hamsini. Alipofunga daftari akasikia harufu ya uzi unaoungua.

Ukucha ukakwaruza ubao, chini sana, karibu na sakafu ya baraza, kama wa mtu asiyefikia kidirisha. Kisha mkono ukapanda, ukashika chuma, ukaingia. Ulikuwa mdogo. Ulikuwa na vidole vinene vya mtoto na mstari wa mshono mweusi kwenye kifundo.

Émérance alipiga magoti nyuma ya Sarah-Grâce, akaweka mdomo kwenye sikio lake.

"Sema nipe, mama yangu. Sema. Nipe."

Sarah-Grâce aliutazama mkono ule kwa furaha. Ulikuwa umekaa wazi, unangoja, kama mikono yote aliyoizoea. Akanyoosha wake nyuma, kwenye boksi ambalo mama yake hakuwa amelirudisha juu.

"Kamata," alisema.