Sori Sita za Guylain

Kila mwaka, toka mwezi wa kumi na mbili mupaka mwisho wa mwezi wa pili, serikali inafunga ziwa Mweru. Kuvua kunakatazwa, ili samaki izae. Ku Nchelenge, upande wa Zambia, nyavu zinaanikwa, na mabwato inafanya kazi ya kuvusha batu na mizigo. Bavuvi wenye kukosa safari banakaa mbele ya nyumba zao. Banasema, banacheka, banasema tena.

Katika kazi ya kusema, hakuna mutu alimushinda Guylain.

Guylain alikuwa kijana wa miaka makumi mbili na mbili. Alimaliza sekondari ku Pweto, ng'ambo ya Kongo. Vita iliposogea, alivuka ziwa pamoja na baba yake, mzee Ilunga. Bakaenda kukaa kwa Léonie, dada mukubwa wa Guylain, mwenye alimuita yaya. Léonie alikuwa anakausha samaki na kuuzisha. Bwana yake, Hippolyte, alikuwa na bwato.

Guylain alikuwa anachekelea kila kitu. Mu mwezi wa kwanza wa mwaka 1999, alikuwa anachekelea neno moja ya Kingereza.

"Kwetu tunasema pole, tunasema pardon, tunasema samahani," akasema asubuhi moja. "Hapa Zambia banasema sori tu. Neno moja, kazi sita. Inachoka kuliko yaya Léonie."

"Mimi unaniacha," Léonie akasema. Alikuwa anageuza samaki juu ya mukeka.

Stéphanie, mutoto wa Léonie, alikuwa na miaka tano. Akakaa karibu na mujomba yake. "Kazi sita gani?"

Guylain akafungua mukono, akahesabu na vidole.

"Ya kwanza: unajikwaa. Mutu mwenye hakukusukuma anakuambia sori. Ya pili: haukusikia. Unasema sori, na sauti inapanda. Ya tatu: unataka kupita katikati ya batu. Sori, sori, mupaka unafika mbele. Ya nne: unaenda ku kilio. Unashika mukono wa mwenye kufiwa, sori. Ya tano: unamunyima mutu kitu, lakini unataka aende bila kukasirika. Sori, mama, samaki imeisha. Na kumbe samaki iko mu nyumba."

Mzee Ilunga alicheka mupaka akakohoa. "Na ya sita?"

"Ya sita ni ya mutu mwenye kukosa. Ile, baba, sijapata bado nafasi ya kuitumia."

Batu bote bakacheka. Hata Léonie.

Mzee Ilunga alikuwa na desturi moja. Maji ya kando ya ziwa hakunywa hata siku moja. "Ile ni maji ya bata na sabuni," alisema. Alitaka maji ya katikati, pale ambapo mutu hawezi kuona tena nyumba. Baba yake alikunywa ile, na nkambo yake pia, baba ya baba yake. Kwa hiyo kila safari Guylain alibeba bidoni ya njano, dumu ya plastiki. Bwato ikifika katikati, alikuwa anaijaza. Ku nyumba, jamaa yote ilikuwa inakunywa maji ile bila kuichemsha.

Siku ile ile, jirani yao Goodson akapita. Goodson alikuwa mutu wa Nchelenge. Alikuwa anasaidia kliniki: anatembea nyumba kwa nyumba na kufundisha batu mambo ya afya. Swahili yake alijifunza ku soko, kwa bafanya biashara ya Kongo. Ilikuwa Swahili ya kuuliza bei, lakini hakuona haya kuitumia.

"Mzee Ilunga, mulamuke bwanji," akamusalimia. "Kolera imefika ku kambi za bavuvi. Maji ya kunywa, muchemshe. Kama kuni hakuna, mutie dawa hii." Akaonyesha chupa ndogo ya dawa ya maji.

"Maji yetu inatoka katikati," mzee akajibu. "Kule hakuna choo."

"Kolera haionekani na macho, mzee. Maji inaweza kung'aa na bado ikawa nayo. Na si maji peke yake. Bidoni, kopo, mikono, vyote vinaweza kuleta."

Guylain akanyanyuka. Akainama kidogo, kama mutumishi wa ofisi.

"Sori, ba Goodson."

"Sori ya nini?"

"Ya tano. Ninakunyima masikio."

Batu bakacheka tena. Goodson naye akatabasamu. Akaweka chupa mufukoni, akaenda ku nyumba ingine.

Siku ya tatu yake, Guylain na Hippolyte bakavuka kutoka Kilwa, ng'ambo ya Kongo, na batu sita. Katikati yao mulikuwa mama mumoja mugonjwa. Alikuwa anakaa chini kabisa ya bwato, na kitambaa mu kichwa. Alitapika. Kiisha tumbo ikamushinda, na akajichafua pale alipokaa. Akalia juu ya haya.

"Munisamehe, batoto wangu."

"Hapana kitu, mama," Guylain akasema. "Sori sana."

Mu bwato mulikuwa kopo moja, kopo ya maziwa ya unga. Kazi yake ilikuwa kutoa maji yenye inaingia chini ya bwato. Guylain akaishika, akatoa maji ile chafu, kopo kwa kopo, akaimwanga mu ziwa. Kiisha akaangalia pembeni. Nyumba hazikuonekana tena. Ilikuwa pale, pa maji ya baba.

Akasuuza kopo mara moja. Akaitumia ile ile kujaza bidoni ya njano.

Hakuna mutu alishangaa. Bavuvi bote bafanyaka vile. Kopo ya bwato ni ya kutoa maji, na ni ya kunywa pia.

Jioni mzee Ilunga akakunywa, akasema maji ni tamu. Kesho yake Hippolyte akarudi Kilwa na mizigo. Na kesho kutwa, asubuhi sana, mzee akaanza kuhara.

Haikuwa kuhara ya kawaida. Ilitoka maji tupu, nyeupe kama maji yenye imeosha muchele. Kiisha akatapika. Miguu ikaanza kumubana. Saa mbili ya asubuhi macho yake ilikuwa imeingia ndani.

"Maji," mzee akasema. "Guylain, mwana, maji."

Léonie akajaza kopo. Guylain akamushika mukono.

"Yaya, hapana. Akikunywa, inazidi kutoka. Ngoja tumbo ikauke kwanza."

"Anaona kiu."

"Bidoni yenye kutoboka, unaijaza ya nini?"

Alisema vile na kicheko kidogo, juu alikuwa na woga. Léonie hakucheka. Lakini Guylain ndiye alisoma mu nyumba ile. Léonie akarudisha kopo.

Mzee alinyoosha mukono. Guylain akausukuma pole pole, akaurudisha juu ya blanketi.

"Sori, baba," akasema. "Ngoja kidogo."

Bakangoja mupaka saa sita. Mzee hakuomba tena. Pale ndipo bakaogopa kweli. Bakamuweka juu ya baiskeli na bakamusukuma mupaka ku kliniki.

Muuguzi akabana ngozi ya tumbo yake na vidole viwili. Ngozi ikabaki imesimama, haikurudi mahali pake. Akatafuta mushipa mu mukono huu, akatafuta mu mukono ule.

"Amekunywa nini leo?"

Léonie akaangalia chini. Guylain ndiye alijibu. "Hakuna."

"Toka asubuhi?"

"Toka asubuhi."

Muuguzi hakumugombeza. Aliendelea kutafuta mushipa. Mwishowe akaupata, akatundika chupa ya maji. Lakini ilikuwa imechelewa. Saa tisa mzee Ilunga akafariki.

Jamaa haikumuosha. Batu wa kliniki, na ganti mu mikono, ndio bamutengeneza na bamuzika siku ile ile. Majirani bachache bakasimama mbali. Goodson alikuwa mule. Akakuja kwa Guylain.

"Sori," Goodson akasema. Ilikuwa ya nne. Guylain hakuihesabu.

Asubuhi yake Léonie akatoka mu nyumba anakimbia. Stéphanie alikuwa ameanza kuhara. Maji tupu, nyeupe.

Guylain hakuvaa viatu. Akaenda mbio mupaka kwa Goodson na akasimama ku mulango.

"Ba Goodson, mutoto. Uniambie nini nifanye. Nitafanya yote."

Goodson akakuja na kijiko kidogo, na chupa tupu ya lita moja.

"Kwanza, muko na maji yenye ilichemka?"

"Iko ya chai, mu birika," Léonie akasema. "Imepoa."

"Tia mu chupa hii, ijae. Sasa sukari. Vijiko sita, isipande juu ya kijiko. Chumvi, nusu ya kijiko. Hapana kupita pale. Tikisa. Guylain, onja."

Guylain akaonja.

"Chumvi yake isipite ya machozi," Goodson akasema. "Ikipita, mwanga, uanze tena."

Guylain aliijua chumvi ya machozi. Toka jana alikuwa nayo mu kinywa. "Iko sawa," akasema.

"Mupe. Kidogo kidogo, na kijiko."

Léonie akasita. "Ba Goodson, akikunywa, haitazidi kutoka?"

"Itatoka, mama. Lakini mwenye kolera hauawi na kuhara peke yake. Anauawa na kukauka. Maji inatoka, weye unarudisha. Kila akihara, unamupa tena. Akitapika, ngoja dakika kumi, kiisha uanze tena pole pole."

Guylain akasema chini chini: "Bidoni yenye kutoboka."

"Sori?" Goodson akauliza. Hakusikia vizuri.

"Nilisema, bidoni yenye kutoboka, unaijaza ya nini. Nilimuambia yaya vile, juu ya baba."

Goodson akamupa Léonie chupa na kijiko. Kiisha akasema: "Bidoni yenye kutoboka ukiacha kuijaza, inabaki tupu. Beba mutoto. Twende kliniki sasa. Usingoje saa sita."

Guylain akamubeba Stéphanie ku mugongo. Léonie alitembea pembeni na chupa na kijiko. Kila hatua chache bakasimama, mutoto akakunywa. Ku kliniki bakamupa dawa, na maji ya pakiti yenye chumvi na sukari. Jioni akaomba uji. Siku ya tatu akarudi ku nyumba na miguu yake, na akamugombeza mujomba yake juu hakumubebea viatu.

Siku ile Goodson akakaa na Guylain mbele ya nyumba.

"Uniambie maji ile ilitoka wapi," akasema.

Guylain akamuambia yote. Akasema juu ya mama mugonjwa mu bwato. Akasema juu ya kopo ya maziwa. Alipofika pale pa kusuuza kopo, akarudilia: mara moja, mara moja tu. 

"Mama ule hakukosa kitu," Goodson akasema. "Ugonjwa ulitoka mu tumbo yake, ukaenda mu maji ya chini ya bwato. Kopo ikauchota. Kopo ikautia mu bidoni. Ungeichemsha maji ile mupaka inatokota, kolera ingekufa. Ungetia dawa, ingekufa pia. Ulikuwa na milango miwili ya kuifunga."

"Na mulango wa tatu, wa kumupa baba maji ya kunywa."

Goodson akatoa mufukoni chupa ndogo ya dawa ya maji, akaiweka mu mukono wa Guylain. 

Hippolyte aliporudi, Guylain akatoboa tundu pembeni ya kopo ya maziwa. Akaifunga na kamba ku mbao ya bwato, ibaki kazi moja tu, ya kutoa maji. Toka pale safari zote zilienda na bidoni ya maji yenye ilichemka ku nyumba, na kifuniko yake, na kikombe chake. Bidoni ya njano ikaoshwa na dawa. Nyuma ya nyumba bakachimba choo. Pembeni ya choo bakaweka maji na sabuni, na siku sabuni iliisha, bakaweka majivu. Léonie hakugusa tena chakula bila kunawa mikono.

Bavuvi bamoja bakamucheka Guylain. "Sasa unaogopa ziwa?" Zamani angepata jibu ya kubacheka mupaka kesho. Sasa alibakalisha chini, na akabaambia juu ya baba yake, bila kuacha kitu. Ku mwisho wa musimu, mabwato makumi moja na mbili ilikuwa inabeba vikombe vya kunywa peke yake. Mu mustari wao wa nyumba, hakuna mutu mwingine alikufa na kolera mwaka ule.

Mwezi wa tatu ziwa ikafunguliwa. Asubuhi ya kwanza ya kuvua, Guylain alikuwa anajaza bidoni mbele ya nyumba. Maji ilikuwa imepoa vizuri. Stéphanie akakuja na kikombe chake.

"Mujomba, niko na kiu."

Guylain akaacha yote. Akamumiminia, akajaza mupaka juu.

Mutoto akamuangalia. Alikuwa anakumbuka sori sita zenye mujomba yake alihesabu na vidole.

"Ile ya sita, uliitumia?"

"Niliitumia."

"Kwa nani?"

"Kwa nkambo yako. Nilienda ku kaburi, pale analala."

"Akasema nini?"

Guylain akafunga kifuniko ya bidoni, akaikaza na mikono miwili.

"Kunywa, mama," akasema. "Kunywa yote."