Vahan Akataa Ukoo wa Kuazima

"Ukiulizwa ukoo, sema wewe ni Ilaiser," nilimwambia Vahan nje ya boma letu, Kisaju. "Mzee Lesiamon wa ukoo huo amekubali kukuita mtoto wake."

"Kakenya, nidanganye mbele ya nyanya yangu?"

"Nataka unioe!"

Asubuhi hiyo Leshan, ndugu wa marehemu baba, aliyenilea na ninayemwita Papa, alikuwa amenitumia ujumbe: "Mtu bila ukoo hatumpi msichana. Leo aseme ni wa nani ama arudi kushona viatu vyake Kitengela."

Tuliingia. Araksi, nyanya yake Vahan, akapewa kiti cha plastiki. Papa hakupoteza wakati.

"Kijana, wewe ni wa ukoo gani?"

Nikamkonyeza Vahan: sema.

"Mzee, nimefundishwa niseme mimi ni Ilaiser. Si kweli. Mimi ni Muarmenia. Vahan wa Garo, Garo wa Araksi, Araksi wa Hagop, Hagop wa Sarkis. Sarkis na Hagop walifukuzwa mji wao, Marash, pamoja na Waarmenia wengine, wakatembea mpaka mji wa Aleppo. Sarkis alifia njiani. Hagop, yatima, akapelekwa Addis Ababa. Nyanya alizaliwa huko, ndio tukakuja Kenya."

Papa akacheka.

"Hadithi tamu. Uko na karatasi?"

"Zilibaki Marash na nyumba."

"Basi huna kitu."

Nikasimama, jambo ambalo msichana hafanyi mbele ya wazee.

"Na sisi Wamaasai, Papa? Karatasi ya Laikipia iko wapi? Wazungu walipotutoa huko, nani aliandika waliokufa njiani? Si wewe ulinifundisha kwa mdomo tukichunga mbuzi? Yetu ni historia, yake ni hadithi?"

"Kaa chini!"

"Sikai! Na nitaolewa na huyu, na majina yake yote. Vahan, nisamehe. Uongo ulikuwa wangu."

Papa akamgeukia Araksi.

"Hao wenu waliokufa njiani, mnawajua kwa majina?"

Araksi akaanza kuwataja polepole, akikunja kidole kimoja kimoja. Vidole vikaisha, akaanza tena mkono wa kwanza. Papa alivua kofia.

"Yeyo," akasema, kama alivyokuwa akimwita mamake mwenyewe. "Inatosha. Ukoo uko. Ni wa mbali tu."

Kisha akanitazama kwa ukali.

"Na wewe, huo mdomo utamaliza huyu kijana. Leteni chai, tuongee mambo ya ng'ombe wa mahari."

Vahan akaninong'oneza: "Wangapi?"

"Wengi," nikamwambia. "Na sipunguzi."