Hadithi ya Nane

Siku kompyuta ya Asma ilipoanza kuomba mfumo mpya, Butembo nzima haikuwa na mtandao. Tangu asubuhi simu zilikuwa vipande vya plastiki tu, na wauza vocha walishafunga miavuli yao wakaenda zao. Hata hivyo, ilipogonga saa sita ya mchana, dirisha la buluu lilijitokeza katikati ya kioo na kusema kwa Kifaransa kwamba mfumo mpya umekwisha kuteremka, uko tayari, unangoja ruhusa tu. Chini yake vilikaa vitufe viwili: Maintenant, yaani sasa, na Plus tard, yaani baadaye. Cha kukataa hakikuwepo.

Asma hakujiuliza umeteremka kwa njia gani. Alikuwa na kurasa arobaini za mwanafunzi wa kilimo za kupiga chapa, na kompyuta yake ilikula umeme wa paneli moja ya jua iliyolazwa juu ya bati. Jua la Butembo ukilichezea, ukungu hulimeza bila kuaga. Akabonyeza Plus tard, akaendelea na kazi.

Tusimlaumu mapema. Asma alikuwa mjane wa mwaka wa pili. Mumewe Jamali aliendesha lori kati ya Butembo na Eringeti, na huko Eringeti ndiko alikompata, kwenye kizuizi cha barabara, akiuza ndizi za kuchoma wakati madereva wakingoja kamba ishushwe. Kwa hiyo alimwita Mama Barrière, yaani Mama wa Kizuizi. Alimwita hivyo yeye peke yake, tena wakiwa wawili tu chumbani, maana Asma aliona haya kuitwa hivyo mbele za watu. Kwa kuwa hakulala nyumbani zaidi ya siku mbili, Jamali alimwekea binti yao Kadogo hadithi saba ndani ya kompyuta, moja kwa kila siku ya juma, kwa sauti yake mwenyewe. Zote zilianza namna moja: anakohoa kidogo, anagonga meza mara mbili kama alivyozoea kugonga usukani, kisha anasema, "Bismillahi. Tuende." Halafu lori likapinduka kwenye mteremko karibu na Beni, na zikabaki hadithi.

Sadrack, fundi wa kompyuta, alikuwa amemweleza mambo yote bila kuficha. Mfumo wa zamani umeachwa na waliouunda, hakuna tena anayeziba matundu yake, na virusi vinavyokuja na flashi za wanafunzi vitapita humo kama mbuzi kwenye ua mbovu. Lakini mfumo mpya nao una makuu yake. Kompyuta ile ni kizee, kazi itachukua saa nne au tano, na betri ya jua ikikatika katikati, mashine inaweza isiamke tena. Na hata ikiamka, vitu vya zamani huenda visionekane. Asma aliposikia vitu vya zamani, aliwaza sauti moja tu, akaogopa. Akikubali, atampoteza Jamali mara ya pili. Akikataa, siku moja virusi vitakula kazi inayomlisha yeye na mtoto.

Basi akafanya kama wafanyavyo watu wa mji ule. Mtu wa Butembo hakwambii hapana usoni. Ukimwomba jembe ambalo hataki kukupa, atakwambia upite kesho, na kesho ukipita atakwambia kesho, mpaka siku ya tatu utaelewa mwenyewe na hakuna aliyetukanwa. Asma alilishika somo hilo hata akamfundisha Kadogo, aliyekuwa na miaka saba: mgeni akiomba kitu, hafukuzwi mlangoni, anaambiwa kesho. Hivyo kila siku saa sita dirisha lilipokuja, Asma alilijibu kwa adabu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, lakini hawakusema ni matumbo ya nani.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Wiki ya tatu, dirisha lilipofunguka, chumba kilijaa harufu ya mazout, yaani dizeli, ileile ya shati la Jamali anaporudi safari. Asma alifumba macho akaivuta, na sitakuficha, alifurahi. Siku ya nne ya harufu hiyo ndipo alipogundua kwamba chini ya mazout kulikuwa na harufu nyingine, ya nywele zilizoungua, na kwamba kuku wa jirani yake, Mama Kanyere, waliozoea kukimbilia kivuli cha mlango wake mchana, hawakanyagi tena uani.

Siku moja walikuwa wakichambua maharagwe, mama na mwana, Kadogo akaanza kusimulia. Msafiri alifika kwenye nyumba fulani akaomba kuingia, wenyeji wakamwambia kesho. Akalala nje. Kesho yake akaomba tena, wakamwambia kesho. Mvua zikaja, zikapita, wenyeji wakazoea kumwona mlangoni, mpaka asubuhi moja waliamka wakamkuta amekaa mezani anangoja sahani yake. Asma alizijua zile saba kwa moyo. Hii hakuwahi kuisikia.

"Hiyo umeitosha wapi?" aliuliza, akitaka kujua ameitoa kwa nani.

"Ni ya papa. Ni ya nane."

"Papa yako aliacha saba."

"Sasa ziko nane," Kadogo alisema, akitupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharagwe. "Ya tisa atanielezea akiisha kuingia."

Asma aliinuka maharagwe yakamwagika, akaingia chumbani ambako kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa tangu asubuhi kwa sababu mawingu yalikuwa mazito na betri haikuwa na kitu, akakiondoa kitambaa na kuukuta uso wa mashine ukiwaka, na katikati yake lile dirisha la buluu, safari hii bila neno hata moja la Kifaransa, limeandikwa kwa Kiswahili cha nyumbani kwake, polepole, herufi moja baada ya nyingine kana kwamba aliyekuwa akiandika alikuwa na vidole vinene: Mama Barrière, niingie sasa ao kesho?

Mkono wake ulifanya ulichozoea. Ulibonyeza kesho.

Sadrack alikuja alasiri hiyo na mfuko wake wa bisibisi. Alifungua pahali hadithi zilipohifadhiwa, akatazama, akafunga, akafungua tena. Kisha akamwomba Asma afunge mlango.

"Mama Asma, hizi zote nane ziko zéro," alisema kwa sauti ya chini. "Majina iko. Ndani hamuna kitu."

"Lakini zinasema. Mutoto anazisikiaka kila siku."

Sadrack aliweka bisibisi chini. Alimkumbusha kwamba mwaka jana radi ilipiga, kompyuta ikaungua, naye ndiye aliyeweka diski nyingine. Asma alikumbuka vizuri. Alikumbuka pia alivyoirudisha nyumbani, akaiwasha, akasikia kile kikohozi, akasujudu hapohapo sakafuni.

"Ile diski ya zamani ilikufa kabisa," alisema Sadrack. "Sikutosha kitu ndani."

"Uliniambia nitaangalia ku nyumba."

"Ulikuwa unalia, mama. Niliona haya kukuambia hapana."

Wakati huo kitu kiligonga mara mbili ndani ya mashine, taratibu. Sadrack alitoka bila kuchukua bisibisi zake, na mpaka leo hajazifuata.

Kesho yake asubuhi Asma alimwacha Kadogo kwa Mama Kanyere, akamwonya asikanyage nyumbani, akapanda gari la Beni kwenda kwa mwalimu Maulidi. Huyo alikuwa baba mdogo wa Jamali, mzee wa madrasa, aliyemfundisha Jamali Kurani tangu utotoni. Hakuwa mtu wa hirizi wala ngoma. Alimsikiliza Asma mpaka mwisho, akamimina chai, asiinywe.

"Ile sauti inaanza aje?" aliuliza.

"Inakohoa. Inagonga mara mbili. Inasema tuende."

"Na Bismillahi?"

Asma aliirudia sauti ile kichwani. Mwaka mzima alikuwa ameisikiliza sauti ile akipika, akifua, akilia, na mwaka mzima haikuwa imelitaja jina la Mungu hata mara moja. Alikuwa na kiu ya mume, akanywa bila kutazama kikombe.

"Jamali hakuwashaka moteur bila Bismillahi," alisema mwalimu. "Mimi njo nilimufundisha. Sasa niambie, ile kitu ikikuomba kuingia, unaijibuka nini?"

"Naiambiaka kesho."

"Siku ngapi?"

"Sasa ni siku makumi tatu na tisa."

Mwalimu Maulidi alishusha pumzi. "Ahadi ni deni, mwanangu. Kwetu sisi batu, kesho ni hapana ya heshima. Kwa bale hawako batu, kesho ni kesho."

Alimweleza kwamba aya atazisoma, lakini aya pekee hazitafunga mlango ambao mwenye nyumba ameuacha wazi kwa kinywa chake. Lazima yeye mwenyewe aseme hapana, waziwazi, wakati kinauliza. Tena kitauliza kwa sauti anayoipenda, na akishakataa, sauti ile hataisikia tena duniani. Asma aliuliza kama hakuna njia ya kukikataa kile kitu na kuibakiza sauti. Mwalimu alimtazama kwa huruma, akainuka kukunja mkeka wake wa safari.

Waliwasili Butembo kesho yake, saa tano na nusu. Kadogo alikuwa angali kwa jirani. Mwalimu alitandika mkeka mbele ya kompyuta, akaanza kusoma, na nje jua lilikuwa kali, watoto wa shule wakipita wanacheka, mtu akipasua kuni, mchana mweupe wa kila siku ambao ndani yake hakuna anayetazamia jambo baya. Saa sita ilipogonga harufu ilishuka yote kwa pamoja, mazout na nywele, nzito hata mwalimu akakohoa katikati ya aya, na sauti haikutoka kwenye mashine tena, ilitoka kwenye ukuta, kwenye bati, kwenye kiti alichozoea kukalia Jamali, ikakohoa, ikagonga mara mbili, ikaanza kumwambia habari za siku ile ya kwanza kwenye kizuizi cha Eringeti, kitambaa alichovaa, ndizi alizomwongezea bila kuombwa, mambo ambayo walikuwa wakiyajua wawili tu na mmoja wao amezikwa, na kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno lilikuwa tamu, mpaka Asma akajikuta amesimama na mkono wake umenyooshwa kuelekea kile kiti.

"Nimechoka inje, Mama Barrière," ilisema. "Niingie sasa ao kesho?"

Alimpenda Jamali. Nalisema wazi kwa sababu pasipo hilo hamtajua alichokifanya.

"Hapana," alisema Asma. Machozi yalimtiririka hadi shingoni. "Sasa hapana. Kesho hapana. Hautaingia."

Dirisha likazimika. Uzi mwembamba wa moshi ukatoka nyuma ya kompyuta, harufu ikapungua, ikaisha, na kuku mmoja wa Mama Kanyere akaingia mlangoni akidonoa. Asma alikaa chini, akalia kilio ambacho hakukimaliza siku ya mazishi.

Mwalimu Maulidi alikunja mkeka wake bila furaha. Alisema imeondoka upesi mno, kama mtu mwenye pahali pengine pa kwenda. Akauliza kama kuna mwingine nyumbani aliyewahi kuijibu. Asma alisema hapana, kompyuta ilikuwa ikimuuliza yeye tu, Kadogo alikuwa akisikiliza hadithi, basi. Mwalimu alitikisa kichwa, akaaga, akawahi gari la kurudi Beni kabla ya mvua.

Saa saba Kadogo alirudi. Asma aliosha uso, akatenga bugali na sombe ya majani ya muhogo, akajilazimisha kutabasamu. Kompyuta atamwita Sadrack aichukue, mfumo mpya au wa zamani, haikumhusu tena. Alimweleza mtoto kwa upole kwamba papa hatasimulia tena, kwamba yule hakuwa papa.

"Najua," alisema Kadogo. "Jana ulipoenda Beni nilikuya kutosha viatu yangu. Alisema wewe utamukatala. Njo akaniuliza mimi."

Kijiko kilikuwa mkononi mwa Asma, naye hakukihisi.

"Na wewe ulimujibu nini?"

"Vile ulinifundisha. Nilimuambia kesho."

Asma alimshika mabega. Yalikuwa ya moto kama sufuria. "Sema hapana, Kadogo. Sema sasa hivi."

Mtoto alimtazama mama yake usoni kwa muda, kwa upendo, kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu. Kutoka kwenye nywele zake ilikuja harufu ya mazout. Akakohoa kidogo. Akagonga meza mara mbili kwa kidole.

"Tuende, Mama Barrière," alisema, akakata tonge la bugali.