Posa ya Mara ya Tano

Barabara ya Nasser, mtaa wa wapiga chapa wa Kampala, wiki za mwisho kabla ya Ramadhani, haina pa kuweka mguu. Kila mwenye harusi anataka kadi zake leo hii, na kila mwenye mashine anaapa zitakuwa tayari saa nane. Katika msukumano huo akaja mwanamke wa gauni la kijani na ushungi wa manjano, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Akapenya hadi kwenye meza ya Swaibu, akamkabidhi flashi.

"Kurasa kumi na mbili. Herufi kubwa, kubwa kabisa."

"Za kipofu, nnyabo?" Swaibu akauliza kwa heshima za Kiganda.

"Za msomaji, ssebo. Nikisoma mbele ya watu sitaki kuinama kama natafuta sindano."

Mashine ikaanza kunguruma. Sasa, mpiga chapa ni mtu wa macho; karatasi ikitoka lazima aichungulie. Swaibu alipofika ukurasa wa tatu alikuwa ameegemea mashine, mabega yanamtetemeka.

"Unacheka nini?"

"Huyu shangazi yako! Eti akipiga simu Jinja anakaa, akipiga London anapanda kwenye stuli!"

"Nani kakuruhusu kusoma? Hiyo ni ya kusikilizwa. Jumamosi saa kumi alasiri, ukumbi wa Kisugu. Njoo uisikie kwangu mwenyewe."

"Si nimeshaisoma?"

"Njoo uone kama umeisoma."

Jina lake Umulkheir, wa familia ya wafanyabiashara wa Kasubi. Mchana aliuza vitambaa dukani kwa baba yake, na Jumamosi aliwasomea watu makala zake. Swaibu akaenda. Wallahi, alikuta hajasoma kitu! Yale maneno aliyoyaona kwenye karatasi, mdomoni mwa Umulkheir yalikuwa na miguu yanatembea. Alisoma taratibu, uso mkavu kama wa hakimu, na alipofika shangazi anapanda stuli akanyamaza, akafunua ukurasa polepole, akautazama ukumbi juu ya miwani. Watu hoi. Mama mmoja alivua kiatu akapiga nacho sakafu. Swaibu alishika kiti cha mbele yake asianguke.

Tangu siku hiyo hakukosa Jumamosi hata moja, na simu nazo zikaanza.

"Umelala, mpenzi?" Umulkheir anauliza.

"Nalalaje na wewe unapiga? Nisomee kidogo."

"Sisomi bure. Sema kwanza unanipenda."

"Nakupenda. Haya, soma."

Mfungo ukaja ukapita, Idi ikaliwa, na Swaibu akajua bila Umulkheir hana maisha. Akaamua kuposa.

Hapa lazima niwaambie jambo moja. Kwenye familia zao posa huanza kwa barua. Wazee wa mwanamume huipeleka kwa baba wa binti, ndani ya bahasha nzuri. Na Swaibu, kwa miaka saba, ndiye aliyekuwa akiwaandikia wanaume wa mjini barua hizo. Barua yenyewe ilikuwa moja tu! Maua ya dhahabu pembeni, maneno mazito, anabadilisha majina, kazi imekwisha. Zamu yake ilipofika, akafanya vile vile. Akafungua barua yake ya siku zote, akafuta jina la mteja wa mwisho, akaweka lake. Alijiamini kupita kiasi, huyo bwana. Jumamosi asubuhi baba yake mkubwa akaipeleka Kasubi, na alasiri Swaibu akaenda Kisugu, kanzu imepigwa pasi, manukato yanamtangulia.

Umulkheir akapanda jukwaani na makala mpya.

"'Sisi wenye kiu tumefika kisimani kwenu,'" akasoma, "'tumeliona ua likichanua, tunaomba idhini ya kulichuma.'" Akanyamaza. Akatazama juu ya miwani. "Jamani, ua ndani ya kisima? Na mwenye kiu anachuma ua la nini? Si anywe maji?"

Ukumbi ukalipuka. Swaibu naye alicheka, tena wa kwanza, halafu akaacha ghafla. Yale yalikuwa maneno yake. Barua imefika asubuhi, alasiri imeshakuwa kichekesho cha Kisugu nzima! Akainuka, akapita katikati ya vicheko vya watu, akatoka.

Siku tano hakupokea simu. Alimwomba baba yake mkubwa akairudishe ile barua.

"Posa si shati, kwamba halikukutosha unarudisha dukani," mzee akafoka. "Baba yake atajibu Ijumaa. Tulia!"

Alhamisi asubuhi, Umulkheir akatokea Nasser, safari hii kwa baibui jeusi na macho ya moto.

"Simu yako imekufa?"

"Ipo."

"Basi umekufa wewe."

"Umulkheir, kunikataa ni haki yako. Lakini kunifanya kichekesho mbele za watu! Umeniumiza."

"Nimekufanya nini?"

"Umesoma barua yangu ukumbini."

Umulkheir akamkodolea macho. "Barua yako nimeionyeshwa jana usiku. Baba alikuwa anashauriana na ndugu zake kwanza. Jumamosi sikujua hata kama ipo."

Akafungua mkoba, akapanga mezani bahasha nne, moja moja. Zote zina maua ya dhahabu. "Hawa waliniposa miaka iliyopita. Wote na kisima, wote na ua; humu ndimo nilimoitoa makala. Nikadhani wanaume wa Kampala wana mwalimu mmoja. Jana naona ya tano, nageuza nyuma, nakuta muhuri wa duka lako. Nageuza na hizi nne, muhuri ule ule!" Akapiga meza. "Umeniposa mara tano, Swaibu. Mara nne kwa niaba ya watu!"

Okeny, msaidizi wa Swaibu aliyekuwa akikata kadi pembeni, akaangua kicheko. Swaibu alitamani ardhi ipasuke.

"Nisamehe. Nilikimbia bila kukuuliza."

"Hilo nimeshalisamehe. Sikusamehe hili: maneno uliyowapa watu usiowajua ndiyo unanipa mimi? Kesho baada ya swala baba anataka jibu langu. Kwa barua hii, jibu ni lile lile nililowapa wale wanne."

Swaibu akazima mashine. Wateja wakanung'unika, hakuwajali. Akavuta karatasi nyeupe, akaandika kwa mkono, akafuta, akaandika tena. Kisha akasimama, akasoma kwa sauti.

"Umulkheir. Mimi sina kiu, maji ninayo. Ninayemkosa ni wewe. Siku tano hizi nimeharibu kadi za harusi tatu, Okeny ni shahidi. Kwenye kadi moja bibi harusi nimemwoza kwa baba mkwe wake. Nakupenda. Nataka nikusikie ukisoma kila siku, hata ukinisema mimi. Nikubali nikuoe."

Umulkheir hakucheka. Aliichukua ile karatasi, akavaa miwani, akaisoma tena mwenyewe mpaka mwisho, macho yakamlowa. Akaikunja, akaitia mkobani. Akatoa simu.

"Baba? Ile barua ya tano ichane. Mwenyewe amenisomea nyingine."

"Imesema nini?" sauti ya mzee ikasikika.

"Hayo ni yangu, baba. Wewe waite wazee wake waje tupange siku."