Nilivaa Kilemba cha Wacha Mungu Kuficha Kisogo Changu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mitatu, mume wa mke mmoja na baba wa watoto wawili. Nina duka la chakula cha mifugo huku Bahati, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Haya ninayoyaandika sijawahi kumsimulia hata ndugu yangu wa tumbo moja. Naona aibu hata sasa.

Upara ulinianza mapema. Wateja walikuwa wakinitania kwamba nzi akitua utosini kwangu atateleza avunjike mguu. Nilicheka nao, lakini cheko la nje tu! Kisha siku moja nikaenda shuleni kumwona binti yetu, Njeri, na mwalimu mgeni akamwambia mbele ya wazazi wengine kwamba ana bahati, guka yake amekuja kumtembelea. Guka, yaani babu! Siku hiyo nilirudi nyumbani na uamuzi wangu.

Kwenye simu nilikuwa nimeona tangazo la jamaa mmoja wa Nairobi anayepandikiza nywele. Anazing'oa kisogoni, moja moja, anazipanda mbele. Picha zilipendeza! Sikuuliza kama ni daktari wa kweli. Mke wangu, Mama Njeri, nilimwambia ninaenda Naivasha kutafuta nyasi kavu za kuuza dukani. Baada ya kufanyiwa kazi ile nilijificha kwa rafiki yangu anayeishi mtaa wa Karagita, Naivasha, kwenye chumba chake cha kupanga, nikingoja vigaga vidondoke.

Mbele zikaota. Haba, lakini zikaota. Kumbe balaa lilikuwa nyuma! Yule jamaa alikuwa amenichuma kisogo kama mtu anayechuma sukuma wiki kwenye shamba la jirani, bila huruma. Pakabaki mabaka matupu na vidoti vya makovu kutoka sikio hadi sikio. Nilipompigia alisema nivumilie, zitarudi. Baadaye hakushika simu tena. Lakini nywele zilizong'olewa hivyo hazirudi... hilo nilikuja kuambiwa nikiwa nimechelewa.

Sasa ikawa kazi ya kuficha. Mama Njeri nilimdanganya kwamba nywele za mbele zimeletwa na mafuta ya parachichi. Maskini, naye akawa anajipaka, na kuyasifia kwa majirani! Usiku nililala na marvin, kofia ya sufu, kichwani nikisingizia baridi ya Bahati. Nikanunua unga mweusi wa kunyunyizia kisogoni ili mabaka yafanane na nywele. Mvua ikanikuta mazishini, unga ukatiririka mpaka kwenye kola ya shati jeupe, na mama mmoja akaniuliza kama nimeegemea masizi.

Kofia nayo? Benki askari anakuamuru uivue. Kanisani mhudumu alinigusa bega akaninong'oneza niivue, nikajifanya nimepigiwa simu, nikatoka... na sikurudi. Wiki baada ya wiki Mama Njeri aliimba kwaya yake, na yeye ndiye aliyekuwa kiongozi, huku nafasi yangu ikiwa tupu.

Ndipo nikamwona Mzee Kariuki. Si kwamba sikumjua. Alikuwa mteja wangu wa miaka mingi, mzee wa kanisa la watu wa vilemba. Lakini siku hiyo alipoinama kuinua gunia la pumba, nilikitazama kilemba chake cheupe, kimefungwa vizuri mpaka shingoni, na hakuna askari wala mhudumu ambaye angemwambia akivue. Shetani akanena nami pale pale dukani.

Nilimwambia mke wangu kwamba nimeota. Kwamba nimesikia sauti ikiniamuru nifunike kichwa mbele za Mungu. Nilijua watu wa kanisa lile huheshimu ndoto. Mama Njeri alinitazama, akaanza kulia kwa furaha. Alidhani sasa ameelewa kwa nini niliacha kanisa letu. Akasema nyumba moja haiwezi kuwa na njia mbili. Akaacha kwaya. Mama yake akakasirika na kuapa kwamba hatakanyaga kwetu tena. Mke wangu akafunga kitambaa cheupe kichwani akanifuata... kwa ajili ya ndoto ambayo sikuiota!

Walitupokea kama ndugu. Mimi nilipiga ngoma na kuinua mikono, lakini mawazo yangu yote yalikuwa kisogoni. Yeye aliamini. Aliamka alfajiri kuomba, hata hasira zake za siku zote zikapungua. Siku moja akasimama mbele ya watu akashuhudia jinsi Bwana alivyomwita mume wake usingizini. Watu wakashangilia. Mimi nikatazama miguu yangu.

Kisha kilemba kikageuka adhabu. Niliogopa kukifungua hata nyumbani, nikawa ninashinda nacho na kulala nacho kikiwa kimelowa jasho. Makovu yakaanza kuwasha, yakatoa vipele, kisha usaha. Homa ikaniangusha kitandani. Wanawake wa kanisa wakafunga kula kwa ajili yangu. Wajane, wasomaji! Bibi mmoja asiye na meno alishinda bila hata uji, akiniombea mimi mwongo. Ningesema wakati huo, ningeokoa kitu. Nilinyamaza.

Ni Mzee Kariuki aliyesema maombi yataendelea, lakini mgonjwa apelekwe hospitali. Mbele ya daktari, Mama Njeri alinifungua kilemba kwa mikono yake mwenyewe, taratibu asiniumize, akakikunja na kukiweka mapajani. Daktari akatazama nyuma, akatazama mbele, akarudi nyuma tena.

"Mzee, hizi nywele ulipandikizwa wapi?" akauliza.

Akaeleza kwamba nywele zilitolewa nyingi mno sehemu moja, kwamba hapo hapataota tena, na kwamba joto la kitambaa ndilo lililoleta usaha. Mke wangu alisikiliza yote. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Ilikuwa kabla ya ile ndoto, ama baadaye?"

Nikasema kabla. Tukarudi nyumbani.

"Baba Njeri," akaniambia, "ungeniambia una makovu, ningekupaka dawa. Sasa umenifanya niwadanganye watu mbele ya Mungu, na sikujua."

Nilipopata nafuu nilinyoa kichwa chote kwa wembe, nikaenda kanisani, makovu yote nje, nikakiri. Yule bibi asiye na meno alilia. Mzee Kariuki akasema wamenisamehe, lakini kilemba nikiache mpaka siku nitakayokitaka kwa ajili ya Mungu.

Nilidhani Mama Njeri angerudi kwenye kwaya yake. Nilimsihi arudi. Nilimpigia hata mama yake nikamwomba msamaha. Mama Njeri akakataa.

"Mungu nimempata huku, kweli kabisa," akasema. "Ni wewe sijui kama nitakupata tena."

Siku za ibada huondoka na watoto, mimi nikibaki nyumbani. Ananipikia, ananisalimia, lakini nikimweleza jambo, hata la kweli, huwa ananitazama kwanza usoni kabla ya kuitikia. Je, kuna adhabu kubwa kuliko hiyo?

Wanaume wenzangu, sisemi msitengeneze vichwa vyenu. Ukionyeshwa nywele zitakazopandwa mbele, uliza zinatolewa wapi na hapo patabaki vipi. Uliza kama anayeshika sindano ni daktari wa kweli. Na ikiwa tayari mmeharibiwa kama mimi, nawasihi, msitafute kofia, wala unga, wala kilemba. Kaeni chini na wake zenu muwaonyeshe. Wayasikie kutoka kwenu, jamani... wasiyasikie kwa daktari.